Kunyatia Kanga: Historia Ndogo ya Upinde Chini ya Mlima Meru

Mhariri wa jarida hili aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu, nadhani alitarajia niandike juu ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, au juu ya kesi ya ardhi ya Wameru iliyompeleka Ndugu Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952, au walau juu ya Boma la Wajerumani ambalo kila mwanafunzi wa shule yetu amelipita mara nyingi akishuka mjini. Mambo hayo ni makubwa, na wamekwisha kuyaandika watu wenye ujuzi kunishinda. Mimi nimechagua jambo dogo, ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha historia nilichosoma darasani: jinsi watu wa pande zetu walivyowinda ndege, na hasa kanga, kwa upinde na mshale bila kujificha kibandani, na jinsi ujuzi huo ulivyopotea. Nitaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wanafunzi wachache mwaka 1974. Wenzangu wa bweni wanalijua. Naona ni haki na vijana walioko shuleni leo walijue.

KUVIZIA NA KUNYATIA

Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi huchanganywa. Kuvizia ni kukaa mahali pamoja, umejificha, ukimngoja mnyama akujie. Kunyatia ni wewe kumwendea mnyama, hatua kwa hatua, mpaka umkaribie. Anayevizia hujenga kibanda cha matawi, huchimba shimo, au hupanda juu ya mti karibu na maji. Anayenyatia hana cha kumficha ila kichaka kimoja kimoja, mwendo wake na subira yake. Ndiyo maana wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kwa mtu mwenye bunduki tofauti hiyo si kubwa sana, kwa sababu bunduki hupiga mbali, na akisha kulenga hutikisa kidole tu. Mwenye upinde sharti afike hatua kumi na tano au ishirini. Akifika hapo, bado ana kazi ya kuinua upinde na kuvuta upote mpaka shavuni, na ndege yeyote mwenye macho atauona mkono ule. Huko Marekani, ambako watu wengi huwinda bata mzinga wa porini kwa upinde, wengi wao hukaa ndani ya vihema vidogo vya nguo vyenye rangi ya majani, wakatoa mshale kupitia kidirisha. Anayempata bata mzinga kwa upinde bila kihema huhesabiwa kuwa hodari hasa. Kwetu sisi Meru, hodari huyo alikuwa kijana maskini asiye na ng'ombe, na hakuna aliyempigia makofi.

NDEGE MMOJA, MAJINA MAWILI

Nimemtaja bata mzinga makusudi, kwa maana yeye na kanga wetu wana historia moja ya majina. Kanga ni ndege wa Afrika. Zamani alifika Ulaya kwa mikono ya wafanyabiashara waliopitia nchi za Waturuki, na Waingereza wakamwita ndege wa Uturuki. Baadaye Wazungu walipofika Amerika na kumkuta ndege mkubwa mwenye kichwa kisicho na manyoya, wakamdhania ni jamaa wa yule yule, wakampa jina lile lile. Jina likahama, likamganda mgeni, na mwenyewe akapewa jina jingine. Hata wataalamu wa elimu ya viumbe waliendeleza mchanganyiko huo: bata mzinga anaitwa Meleagris, na kanga anaitwa Numida meleagris, na neno hilo meleagris ni jina la kale la Kiyunani la kanga. Kwetu pwani kanga hakunyang'anywa jina. Badala yake alilitoa kwa hiari: inasemwa na wengi kwamba vitambaa vya kwanza vya kanga vilikuwa na madoa kama manyoya ya ndege huyu, na kina mama wakaviita hivyo.

Kanga mzima ana uzito wa kilo moja na robo hivi, na zaidi kidogo akinenepa. Hutembea makundi, pengine kumi, pengine hamsini. Mchana huparura ardhi akitafuta mbegu, mizizi na wadudu. Jioni hunywa maji, kisha kundi zima hupanda miti kulala. Akiona hatari hukimbia kwanza. Huruka pale tu mbio zikimshinda. Kundi linapokula, daima wapo wawili watatu walioinua vichwa, na mmoja akipiga kelele wote huondoka. Kwa hiyo mwindaji haamkii kanga mmoja. Anaamkia macho sitini. Tena ni ndege mwenye wasiwasi na mahali pake. Methali ya kanga hazai ugenini, ambayo wengi tunaitumia kwa watu, ilitungwa na mtu aliyemjua ndege mwenyewe.

Upande wa kusini na mashariki ya Mlima Meru, penye mvua, migomba na kahawa, kanga hawakuwa wengi. Makao yao yalikuwa upande mkavu wa kaskazini na magharibi, Oldonyo Sambu, Ngarenanyuki na tambarare ya Kisongo, penye migunga, majani mafupi na makorongo.

WALIOSHIKA UPINDE

Waarusha na Wameru walisifika kwa mkuki na sime. Upinde ulikuwa silaha ya pembeni, na hii ndiyo sababu moja ya historia yake kutoandikwa. Hata hivyo uliwahusu watu wa namna mbili.

Kwanza ni vijana waliotoka jandoni. Miongoni mwa Wamaasai na Waarusha, kijana akisha kutahiriwa huvaa nguo nyeusi, hujipaka chokaa usoni, na huzunguka porini na wenzake kwa miezi kadhaa kabla ya kuwa moran. Katika muda huo hubeba upinde na mishale butu, yenye kifundo badala ya ncha, na huwapiga kwayo ndege wadogo wenye rangi nzuri. Mshale ni butu ili manyoya yasiharibike, kwani ngozi za ndege hao hukaushwa na kufanywa taji la kichwani. Ndege wa namna hiyo hawezi kuviziwa kwa kibanda, maana leo yuko mti huu na kesho hayupo. Kijana hana budi kujifunza kunyatia. Waarusha wengi wa rika langu walijifunzia huko kusimama kimya, ingawa kama ungewauliza wangekuambia walikuwa wakicheza tu.

Pili ni Wandorobo, wawindaji na warina asali wa misitu na nyika za Umaasaini. Wamaasai waliwadharau, na jina lenyewe kwa Kimaasai lilikuwa na maana ya mtu asiye na ng'ombe. Kwa mnyama mkubwa walipaka mishale sumu ya msunguti, ule mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Huchemshwa mpaka ukawa mweusi na mzito kama lami. Sumu hiyo husimamisha moyo. Mwaka 1888 mtaalamu wa Kifaransa aliitenga kutoka katika mti wa jamii hiyo, na kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya waliitumia kwa kipimo kidogo kutibu moyo ule ule. Kwa kanga hakuna aliyepoteza sumu. Mshale wa ndege ulikuwa kijiti kilichonyooshwa kwa moto na kuchongwa ncha, bila chuma.

Ukitoka Meru ukaenda magharibi, ukapita Makuyuni na Karatu, unashuka Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Huko upinde ndio maisha yenyewe. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa bado hajamaliza kung'oa meno ya utoto, na huanza na ndege na wanyama wadogo kama pimbi. Upinde wa mtu mzima hukaribia urefu wake au kumzidi, na upote wake ni kano za mnyama. Mishale ya mti hutengwa kwa ndege, ya chuma na sumu kwa wanyama wakubwa. Mtaalamu wa Kiingereza, James Woodburn, alianza kuishi nao mwaka 1958, na wengi wamemfuata tangu hapo. Wote wameona jambo moja: mchana Mhadzabe hutembea na kunyatia anachokutana nacho, lakini mwishoni mwa kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache, hujificha usiku karibu na maji kuwangoja wanyama wakubwa. Naliandika hili wazi ili nisiwadanganye vijana. Kibanda cha kuvizia nacho ni cha kale. Swali ni kiliwekwa wapi, lini, na kwa mnyama gani.

SHERIA ZILIVYOINGIA

Sheria ya uwindaji ilifika kwetu mapema kuliko boma. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyamapori kwa koloni lote la Wajerumani. Wawindaji wakatakiwa kuwa na leseni, na maeneo mawili yakatengwa yasiwindwe, moja likiwa magharibi ya Kilimanjaro, jirani na Meru. Boma la Arusha lilijengwa miaka mitatu minne baadaye. Waingereza walipoitwaa Tanganyika walitunga sheria yao mwaka 1921. Mwaka 1933 mataifa yaliyokuwa na makoloni yalikutana London, yakakubaliana kupiga marufuku sumu, mitego, matanzi, mashimo na nyavu. Sheria ya mwaka 1951 iliendeleza mwendo huo, kisha ikaja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 inayotumika sasa.

Sisemi sheria hizo zilikuwa mbaya. Bila ulinzi wanyama wetu wangekwisha. Mwaka 1960 Ngurdoto ilitangazwa Hifadhi ya Taifa, na kufikia mwaka 1967 Mlima Meru ulikuwa umeunganishwa nayo, ikaitwa Hifadhi ya Arusha. Ninayolalamikia ni namna sheria za kikoloni zilivyomwona mwindaji. Mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji, na habari zake zikaandikwa. Margarete Trappe, Mjerumani aliyefika Meru na mumewe mwaka 1907 na kuishi Momella, alipata sifa mpaka Ulaya, na mwaka 1962 sinema ya Hatari!, iliyopigwa pande hizo hizo za Momella, ilionyeshwa duniani kote. Mwenye upinde aliwekwa kapu moja na mwenye sumu, mwenye tanzi na mwenye shimo. Wote wakaitwa majangili.

Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo kwa ukali zaidi. Waliangulu wa nyika ya Tsavo, waliokuwa na pinde nzito za kuwindia ndovu, walisakwa katika kampeni kubwa ya miaka ya 1956 na 1957, na wengi wakafungwa. Baadaye serikali ya kikoloni yenyewe ilianzisha mpango huko Galana mwaka 1960, ili wawinde kwa utaratibu chini ya usimamizi. Maana yake ni kwamba walitambua, ingawa kwa kuchelewa, kuwa walikuwa wamefunga gerezani ujuzi waliouhitaji.

MWAKA 1974

Sasa nifike shuleni. Wale waliosoma miaka ile watakumbuka njaa ya ukame wa 1973 na 1974. Tulikula ugali wa unga wa njano uliotoka Marekani, tukauita yanga. Kauli ilikuwa Kilimo cha Kufa na Kupona, na kwa kufuata Elimu ya Kujitegemea shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi upande wa Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Namanga. Kila Jumamosi lori lilitupeleka na majembe.

Mwezi wa Machi tulipanda. Jumamosi iliyofuata tulikuta mistari kumi imefukuliwa, punje moja baada ya nyingine, kana kwamba mwizi alipimiwa kamba. Ni kanga. Mwalimu aliyesimamia shamba akatuchagua vijana wanne wa Kidato cha Tatu tuwe tunabaki mpaka jioni kuwafukuza, pamoja na mlinzi wa shamba. Mlinzi huyo alikuwa mzee wa Kiarusha, mwembamba, mpole, ambaye ujanani alikuwa ameishi na Wandorobo miaka kadhaa akirina asali. Sisi tulimwita Mzee basi. Alikuwa na upinde aliouficha darini mwa kibanda chake, kwani alijua sheria.

Tulipomwomba atufundishe, hakutupa upinde. Alitupa kazi ya kuwasikiliza kanga wanapopanda miti jioni, tuhesabu. Tukahesabu thelathini na mmoja. Jumamosi ya pili akatufundisha kutembea. Mafundisho yake niliyaandika nyuma ya daftari la Jiografia, na bado ninayo.

Usimwendee kanga moja kwa moja. Pita kando kama mtu mwenye safari yake, na kila mara punguza kidogo. Usimtazame, kwa maana ndege anajua anapotazamwa. Jua liwe mgongoni mwako, limpige yeye machoni. Songa wakati vichwa vimeinama vinaparura, na mara kimoja kikiinuka, simama ulivyo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Kanga hategemei pua kama swala, basi usisumbuke na harufu, sumbuka na majani makavu. Upinde uvutwe ukiwa nyuma ya mti, ndipo utokeze, ukiwa umekwisha kuvuta. Usimpige mwenye vifaranga. Na la mwisho, ambalo hatukulielewa: mshale mmoja, kisha nyumbani.

Nilijaribu Jumamosi tano. Mara nne walinikimbia kabla sijafika hatua arobaini. Nilijifunza kusimama na mguu hewani mpaka paja linatetemeka. Nilijifunza kwamba kuna ndege mdogo mweusi ambaye akipiga kelele karibu yako kazi yote imekwisha. Jumamosi ya tano, saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa tulikuwa tumeruhusiwa kulala shambani, nilijikuta nyuma ya mgunga na kanga wako mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia kucha zao zikikwaruza udongo. Nilivuta, nikatokeza, nikaachia. Mshale ulimpata mmoja kwenye kiungo cha bawa, na waliobaki hawakuwapo tena hata kabla sijashusha mkono. Mzee alimchinja, akachukua firigisi na mguu, akatupa sisi iliyobaki. Sijapata kula nyama tamu kama ile, wala sijapata kuwa na furaha ya namna ile kwa kitu nilichokipata.

Basi ilikuja Oktoba. Kiangazi kilikuwa kikali, mvua za vuli hazijaanza, na maji pekee ya karibu yalikuwa lambo dogo la ng'ombe chini ya shamba. Chakula cha bwaloni kilikuwa kimepungua. Tulikwenda kukaa shambani siku nne kung'oa visiki. Mzee akapata ruhusa ya kwenda kwake kwenye msiba, na akaniachia funguo za kibanda. Upinde ulikuwa darini.

Mmoja wetu alitoa wazo, na siwezi kusema halikuwa langu. Jioni ile tulijenga kibanda cha matawi ya migunga na majani hatua kumi kutoka majini. Alfajiri tukaingia wawili, tukakaa kimya. Kanga walikuja kwa mstari, kama watoto wa shule ya msingi wakienda bombani. Walikuwa na kiu. Wa kwanza alipoanguka waliobaki walikimbia, wakasimama mbali, wakarudi, kwa sababu hapakuwa na maji mengine. Asubuhi hiyo tulipata wanne. Siku ya pili walipata wenzetu watatu. Tuliwachoma, tukala, na vipande tukapeleka bwenini tulivyovifunga katika majani ya mgomba. Tulipokewa kama mashujaa. Asubuhi ya tatu hakuja kanga hata mmoja.

Mzee aliporudi tulimwamkia, akaitikia. Kisha akaona manyoya kwenye jivu. Alishuka mpaka lambo, akakikuta kibanda, akakivunja tawi moja moja bila kusema neno, na kuyapanga matawi kando kama kuni. Sisi tulisimama. Mwisho akauliza, "Wangapi?"

"Saba, Mzee."

"Mimi tangu kiangazi cha mwaka jana nimekula watatu." Akanyamaza. "Ninyi bado layoni, si neno. Lakini maji ni ya wote. Mtu hamngojei mwenzake kisimani na rungu."

Hakutusemea kwa mwalimu. Alichukua upinde wake, na sikuuona tena. Machi iliyofuata tulipanda mahindi, na hapakufukuliwa hata punje moja. Mwalimu wetu wa shamba alifurahi na kutusifu mbele ya wenzetu kwa ulinzi mzuri. Sisi wanne tulitazama chini. Nilimaliza Kidato cha Nne mwishoni mwa mwaka 1975, na mpaka siku hiyo sikusikia tena kanga wakipanda miti ile jioni.

NINACHOKIELEWA SASA

Miaka zaidi ya hamsini imepita. Kisheria tulikuwa wakosaji mara zote mbili, yule kanga mmoja na wale saba, kwa kuwa hatukuwa na leseni. Lakini ninyi mnaosoma hamtashindwa kuona kwamba matendo yale mawili hayakuwa sawa, na kwamba Mzee, ambaye hakujua kusoma, alikuwa na sheria yake iliyoyatofautisha. Kunyatia bila maficho kulikuwa na kipimo ndani yake. Mtu hapati zaidi ya mmoja, na mara nyingi hapati. Kundi hubaki, na mwindaji hana budi kulijua kundi lile kwa miaka: linalala wapi, linakunywa saa ngapi, nani ana vifaranga. Kibanda majini hakitaki ujuzi wowote. Kinataka kiu ya mwingine.

Ndiyo maana naona historia hii ndogo inastahili kuandikwa. Sheria zilimzuia mwindaji wa upinde, na pengine haikuwa na budi, kwa maana watu wameongezeka, Jiji la Arusha limepanda mlimani na kuenea hata Kisongo, na mashamba yameingia makorongoni. Lakini ilipomzuia haikumwuliza anajua nini. Ujuzi wa ndege uliokuwa kichwani mwa wazee kama yule ulikwenda nao kaburini, wala shule zetu, pamoja na kauli zote za kujitegemea, hazikuwa na somo la kuupokea.

Simwambii kijana yeyote ashike upinde. Anayewinda leo bila kibali ni jangili mbele ya sheria, na mimi ni mzee wa kanisa, sitaki kuitwa shahidi. Lakini kunyatia hakuhitaji upinde. Mwaka jana nilikwenda Oldonyo Sambu na mjukuu wangu wa Kidato cha Kwanza. Kanga wapo tena, si wengi, kwenye korongo moja. Nilimwonyesha jinsi ya kupita kando na kusimama vichwa vinapoinuka. Magoti yangu yalinigomea mapema, yeye akaendelea. Alifika hatua ishirini na mbili, tulizihesabu baadaye. Kisha akapiga chafya.

Ombi langu kwa chama cha historia cha wanafunzi ni hili. Kila mmoja, likizo ijayo, amwulize babu au bibi yake majina ya ndege kumi kwa Kimeru, Kiarusha au lugha ya kwao, na tabia moja ya kila ndege. Yaandikeni daftarini, pamoja na jina la aliyewaambia. Daftari hilo liwekwe maktaba. Mkutano ujao, Mungu akipenda, nitakuja kulisoma, na nitaleta lile daftari langu la Jiografia liwekwe kando yake.